Hodi Isiyongoja Karibu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kawaida ya kuiitikia kompyuta. Si utani. Kila nilipoiwasha usiku, ule mlio wake wa kuwakia ukitoka tu, yeye huinua kichwa kwenye godoro lake pale pembeni mwa sebule na kusema, "Karibu!" Kisha husubiri. Asipoona mtu anaingia huuliza, "Nani huyo saa hizi?" Nami hujibu kwa kunong'ona, "Hakuna mtu, bibi. Ni mashine tu." Hapo huguna na kugeukia ukutani.

Ndugu msomaji, ili unielewe sharti nikupe picha ya nyumba yenyewe. Ni nyumba ya dada yangu, hapa Morogoro: vyumba viwili na sebule. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kunirudisha nyumbani, siyo ya kunipeleka mbele. Ndoto yangu ni kuandika riwaya. Shemeji ni dereva wa daladala, huamka saa kumi alfajiri. Kompyuta ni yao: sipiyu ya mtumba, ya zile zilizokwisha kustaafu maofisini huko ng'ambo, iliyonunuliwa ili dada apate kuwachapia watu barua na kadi za michango ya harusi. Mchana ni ya dada na ya watoto wanaoangalia katuni. Kuanzia saa tano usiku ni yangu. Humo ndimo ilimo riwaya yangu, ambayo wakati huo ilikuwa imefika sura ya saba.

Bibi aliletwa kutoka Kilosa kutibiwa presha. Daktari alisema apumzike, na usiku asisumbuliwe. Pa kulala palikuwa sebuleni, hatua nne kutoka kwenye kompyuta. Basi asubuhi moja shemeji akaniita nje kabla hajaondoka. "Shemeji," akasema, "mimi sina ugomvi na maandishi yako. Lakini bibi akishtuliwa tena na hilo dude, usiku haliwashwi." Hakufoka. Alisema taratibu, na hapo ndipo nilipojua kwamba amekusudia.

Utaniuliza: kwani usingepunguza sauti? Tatizo ni kwamba mlio ule hutoka kabla hujaingia ndani ya kompyuta, kabla hujaruhusiwa kugusa chochote. Watoto wakiwa wameongeza sauti ya katuni mchana, usiku ndiyo hiyo hiyo inayokupokea. Na mashine hii haina spika za nje zenye kitufe cha kuzungusha. Spika yake iko tumboni.

Nikaenda kwa fundi wa mtaani. Akafungua sipiyu, akapuliza vumbi, akashika kijiwaya chembamba kilichotoka kwenye mazabodi kwenda kwenye spika, akakichomoa. "Tayari," akasema. "Sasa hivi bubu." Akachukua elfu mbili yake.

Wiki mbili nikafaidi. Bibi haitiki, shemeji hasemi, sura ya nane inakwenda kama maji. Usiku mmoja nikabonyeza kitufe, feni ikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki giza. Nikazima, nikawasha tena. Giza. Hakuna neno, hakuna dalili. Sura ya nane yote ilikuwa ndani na sikuwa nimeiweka kwenye flashi. Usiku ule sikulala hata kidogo.

Kulipokucha nikaibeba sipiyu kwa bodaboda hadi kwa fundi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukirudisha kile kijiwaya. "Tumsikie mgonjwa mwenyewe anasemaje," akasema. Akawasha. Mashine ikalia mara tano, ikanyamaza kidogo, ikalia tena mara tano. "RAM hiyo," fundi akasema hata bila kuinua kichwa. Akavichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Ikawaka. Sura ya nane ilikuwapo. Fundi akacheka: "Tulimziba mgonjwa mdomo, halafu tunataka atwambie anaumwa wapi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye historia. Usiku ule, kwa bando la simu, nilianza kusoma habari za milio hii: imetoka wapi, nani aliiweka, na ni nani mwenye amri ya kuinyamazisha. Nilidhani ni jambo dogo. Kumbe lina ugomvi wake, na una miaka.

Tuanze mwanzo. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta yake binafsi, ambayo ndiyo babu wa hizi nyingi tunazotumia. Ndani yake iliwekwa spika ndogo ya inchi mbili na robo. Kazi yake kubwa haikuwa muziki. Mashine ile ilipowashwa ilijikagua kwanza yenyewe, kiungo kwa kiungo. Ikijiona mzima ililia mara moja, kwa kifupi: pii! Ikilia mara moja kwa urefu na mara moja kwa ufupi, ubovu uko kwenye mazabodi. Ikilia mara moja kwa urefu na mara mbili kwa ufupi, ubovu uko upande wa kioo. Na sababu ya kutumia sauti ni ya akili kabisa: kama kinachoumwa ni kioo chenyewe, utaandika wapi habari za ugonjwa? Watengenezaji wengine walipoiga mashine ya IBM waliiga na desturi hiyo, ila kila mmoja akajiwekea hesabu yake ya milio. Ndiyo maana fundi wangu anazo hesabu nyingi kichwani.

Kwa hiyo mlio wa kwanza ulikuwa taarifa. Ulifanana na ule wa mlinzi wa usiku anayegonga kipande cha reli kila saa, watu wajue hajalala. Haukuwa na uzuri, wala hakuna aliyeudai uzuri. Ulisema "niko mzima," ukanyamaza.

Uzuri ulikuja baadaye, na ulianzia upande wa pili, kwa Apple. Kompyuta yao ya Macintosh ilitoka tarehe 24 Januari 1984, nayo ilikuwa na mlio mfupi tu kama wenzake. Mashine zilivyozidi kuwa na uwezo wa kutoa sauti, milio nayo ikanenepa. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini, baadhi ya Macintosh zilikuwa zikiwaka kwa sauti ambazo hazipatani vizuri, zile zinazoliacha sikio limening'inia likingoja kitu kisichokuja.

Hapo akatokea mtu aitwaye Jim Reekes, mfanyakazi wa Apple aliyeshughulika na mambo ya sauti. Mlio ule ulimkera. Kwa maelezo yake mwenyewe, fikra yake ilikuwa hivi: mashine zilikuwa zikikwama mara kwa mara, na kila ikikwama lazima uizime na kuiwasha upya. Maana yake mlio wa kuwakia humfikia mtu saa ile ile ana hasira, pengine amepoteza kazi ya siku nzima. (Mimi hapo nilikumbuka sura ya nane.) Mtu wa namna hiyo hahitaji kelele, anahitaji kutulizwa. Basi Reekes akatumia kinanda chake cha umeme cha Korg Wavestation, nyumbani kwake, akatandaza vidole akapiga sauti za C kubwa, za chini na za juu kwa pamoja, zikafifia taratibu. Wakubwa hawakuwa wameuomba mlio huo. Aliupenyeza, ukaingia kwenye kompyuta za Macintosh Quadra za mwaka 1991.

Bwana huyu alikuwa na visa. Miaka hiyo Apple ilikuwa imeshitakiwa na Apple Corps, kampuni ya wanamuziki wa Beatles, ambao walikwisha kukubaliana nayo mwaka 1981 kwamba kompyuta zisiingie katika biashara ya muziki. Wanasheria wakawa wanachungulia kila sauti ya kompyuta isije ikafanana na muziki. Reekes alikuwa na sauti nyingine fupi, ya tahadhari, akaipa jina la Sosumi na kuwaambia kwamba ni neno la Kijapani. Ukilitamka upesi kwa masikio ya Kiingereza, ni mtu anayesema: haya, nishitaki basi! Jina likapita. Kesi ikaisha mwaka 1991 kwa Apple kulipa dola milioni 26 na nusu hivi.

Nimekitaja kisa hicho kwa sababu kinaonyesha mabadiliko. Miaka kumi tu baada ya ile pii ya IBM, mlio wa kompyuta ulikuwa umekwisha kuwa kitu cha wanasheria. Ulikuwa na thamani. Tangu iMac ya mwaka 1998, Apple ilishikilia mlio mmoja uliotokana na ule wa Reekes, na mwaka 2012 ikausajili Marekani kama alama yake ya biashara, sawa na jina au nembo. Reekes aliutengeneza ili amtulize mtu. Kampuni ikausajili ili ujulikane ni wake.

Microsoft nao hawakulala. Mwaka 1994, walipokuwa wakiandaa Windows 95, walimwendea Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza. Eno alisimulia kwamba alipewa orodha ndefu ya sifa ambazo kipande hicho lazima kiwe nazo: kitie moyo, kiwe cha watu wote, kiwe na matumaini, kielekee kesho, na kadhalika na kadhalika. Halafu chini kabisa pameandikwa kwamba kiwe na urefu wa sekunde tatu na robo! Akatengeneza vipande 84. Kilichotumika kina kama sekunde sita. Alisema kazi ile ilimbadilisha masikio, hata aliporudi kwenye tungo za dakika tatu aliziona kama bahari ya muda. Na aliwahi kukiri pia kwamba kipande hicho cha Windows alikitengenezea kwenye Macintosh. Mimi ninayehangaika na riwaya ya kurasa mia tatu nilimwonea wivu, nikajifunza pia: mtu aweza kupima maneno yake kama alivyopima yeye sekunde.

Sasa tunafika kwenye ugomvi wenyewe.

Mwaka 2006 Microsoft walikuwa wanamalizia Windows Vista. Safari hii mlio ulitokana na gitaa la Robert Fripp wa kundi la King Crimson, Mwingereza mwingine, ambaye yeye na Eno walitoa albamu pamoja mwaka 1973. Ni mlio wa sekunde nne, wa upole. Ila watu waliokuwa wakiijaribu Vista kabla haijauzwa waligundua jambo: mlio huu ulikuwa unaelekea kutozimika. Katika matoleo ya nyuma kila mtu aliweza kuuondoa au kuubadilisha, wengine wakaweka hata sauti za watoto wao. Sasa kampuni ilitaka kila kompyuta duniani iwake kwa sauti moja, isiyobadilishwa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema mlio ni ishara kwamba mashine iko tayari, nao ni sehemu ya utambulisho wa kitu chenyewe. Na asiyeutaka apunguze spika.

Watu wakaja juu. Wakauliza: na anayewasha kompyuta maktaba? Na mwanafunzi aliyechelewa kuingia darasani? Na mwenye mtoto mchanga aliyelala chumba hicho hicho? Wengine wakasema kwa mkato kwamba mashine ni yao, wameinunua kwa fedha zao, haiwezekani kampuni ijiwekee haki ya kupiga kelele sebuleni mwao. Ubishi ukaendelea. Mwisho Microsoft wakarudi nyuma. Vista ilipoanza kuuzwa kwa watu wote mwezi Januari 2007, ndani ya mipangilio ya sauti mlikuwa na kisanduku kidogo. Ukiweka alama ya tiki, mlio upo. Ukiiondoa, haupo.

Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Mashine yetu inatumia Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, nayo ilirithi mlio ule ule wa Vista. Kwa hiyo "mgeni" aliyekuwa akiitikiwa na bibi yangu kutoka Kilosa ni gitaa la bwana Fripp! Na kisanduku ambacho watu wasionijua walikigombania mwaka 2006 kilikuwa ndani ya kompyuta yangu siku zote. Sikuhitaji kung'oa waya. Nilihitaji kujua kwamba kipo.

Nikainuka, nikawasha kompyuta mchana kweupe, nikafungua mipangilio ya sauti. Kikawapo. Nikaondoa tiki. Tangu siku hiyo mashine ikawa inawaka kimya, lakini kispika kimebaki mahali pake, kikiwa tayari kulia mara tano siku RAM itakapoumwa tena. Niliona nimepata hekima kubwa: taarifa ya mashine ibaki, mbwembwe za kampuni ziondoke.

Acha nimalizie historia, maana haikuishia hapo. Mwaka 2012 Microsoft walitoa Windows 8, mashine za kubeba zikiwa zimeenea, na safari hii mlio wa kuwakia ulizimwa tangu kiwandani. Mwaka 2021, katika Windows 11, wakaurudisha, na kisanduku chake kikiwapo. Apple nao mwaka 2016 walitoa MacBook Pro zinazojiwasha ukifunua tu kifuniko, na mlio ule wa miaka mingi ukaondolewa bila mwenye mashine kuulizwa. Watu wale wale ambao zamani walikuwa wakibonyeza kitufe cha kuzima sauti wakati wa kuwasha, wasiumbuke mbele za watu, wakaanza kuulilia. Mwaka 2020, katika mfumo endeshi wa Big Sur, Apple wakaurudisha, nao wakaweka kisanduku chao cha tiki. Na mwezi Aprili 2025, Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza mlio wa Brian Eno katika orodha ya sauti za kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo.

Angalia basi jinsi mambo yanavyokwenda. Kampuni moja ililazimisha mlio, watu wakakataa. Kampuni nyingine iliondoa mlio, watu wakakataa vile vile. Ukitazama juu juu utasema binadamu hatosheki. Mimi nilisema hivyo pia. Mpaka bibi aliponisahihisha.

Ilikuwa usiku, kama mwezi mmoja tangu niondoe ile tiki. Nilikuwa nimekwisha andika kurasa mbili nikidhani amelala. Akaniita kwa lile jina la utani ambalo mabibi huwaita wajukuu wao wa kiume.

"Mume wangu."

"Naam, bibi."

"Yule mgeni wako wa usiku haji siku hizi? Mmegombana?"

Nikacheka, nikamwambia kwamba nimemzuia ili yeye alale. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nani alikwambia nalala? Mtu mzima halali, baba. Mimi nalala macho hapa nasikiliza panya. Yule akipiga hodi nilikuwa najua umekuja, tuko wawili. Sasa nakaa gizani sijui kama kuna mtu au hakuna."

Nikakosa la kujibu. Daktari alisema asisumbuliwe, shemeji akasema asishtuliwe, fundi akang'oa waya, mimi nikaondoa tiki. Wote tulimwonea huruma. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza. Tulifanya sebuleni jambo lile lile ambalo nilikuwa nikizilaumu kampuni kubwa kwalo, na kisingizio chetu kilikuwa kizuri kama chao.

Kwetu hodi ina utaratibu. Unabisha, unangoja. Ukiitikiwa karibu, unaingia. Usipoitikiwa hata mara ya tatu, unarudi ulikotoka. Uamuzi uko kwa aliye ndani. Mlio wa Vista ulitaka kuingia bila kungoja karibu, na hilo ni kosa. Lakini kumfukuza mgeni mlangoni wakati mwenye sebule anataka kumkaribisha, nalo ni kosa, na sina hakika kama ni dogo. Kile kisanduku cha tiki ni kizuri, ila hakitoshi kujua kilipo. Lazima ujue pia ni nani katika nyumba anayestahili kuulizwa.

Nikamwuliza. Akasema anautaka, lakini usiwe mkali. Asubuhi nikamweleza shemeji mbele ya bibi mwenyewe, naye akakuna kichwa akasema, "Kama mwenyewe kasema, mimi nani?" Tiki nikairudisha. Watoto wakimaliza katuni jioni, ni kazi yangu kupunguza sauti hadi robo kabla ya kuzima, ili usiku ituamkie kwa upole.

Riwaya iko sura ya kumi na moja. Saa tano ikifika nabonyeza kitufe, pii ya babu inatoka, gitaa linafuatia kwa mbali, na kutoka pembeni mwa sebule nasikia, "Karibu." Nami nimeacha kumjibu kwamba hakuna mtu.